Unapiga muziki kwenye baa, saluni au gesti? Leseni unayotakiwa kuwa nayo, nani huitoa na namna ya kuwakwepa vishoka

Kila tukigusa suala la hakimiliki hewani, ujumbe unaoingia kwa wingi hautoki kwa wanamuziki. Unatoka kwa wenye grosari, vinyozi, wenye gesti na wenye kumbi. Swali lao ni moja kwa sura nyingi: nimelipa leseni ya biashara, nimelipa leseni ya vileo, TRA wananijua, mtendaji ananijua, sasa anakuja mtu ananiambia nilipie na muziki. Muziki upi tena, wakati sabufa ni yangu na flashi ni yangu?

Tumeona tuliandike jambo hili ili ulisome taratibu kwenye simu yako na umwoneshe na mwenzako. Makala haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na taasisi yake, COSOZA, kwa hiyo msikilizaji wa Unguja au Pemba aulize huko.

Leseni ya biashara haijumuishi muziki

Leseni ya biashara inatolewa kwa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Leseni ya kuuza pombe inatokana na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Hizo mbili zinakupa ruhusa ya kuuza ulichosema utauza. Wimbo si mali ya halmashauri, kwa hiyo halmashauri haiwezi kukupa ruhusa ya kuutumia.

Wimbo una wenyewe, na mara nyingi ni zaidi ya mmoja. Yupo aliyetunga maneno na sauti. Wapo walioimba na kupiga vyombo. Yupo aliyegharamia studio akarekodi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inawatambua wote hao. Haki ya mtunzi ndiyo hakimiliki. Ya waimbaji, wapigaji, mtayarishaji wa kurekodi na hata kituo cha utangazaji inaitwa hakishiriki. Moja ya haki hizo ni kuamua nani aupige wimbo huo mbele ya hadhara.

Sasa hadhara ni nini? Hapa ndipo watu wengi hukwama. Kisheria, hadhara ni mahali ambapo watu wa nje ya familia na nje ya marafiki wa karibu wapo, au wanaweza kuwapo. Angalia hayo maneno ya mwisho: "wanaweza kuwapo". Kinyozi mwenye kiti kimoja na mteja mmoja yuko mbele ya hadhara, kwa sababu mlango wake uko wazi kwa yeyote mwenye nywele. Nyumbani kwako sebuleni, hata ukiwa na watoto wanane na mashemeji wanne, hauko hadharani. Ukubwa wa biashara unaweza kubadilisha kiasi utakacholipa, lakini haubadilishi kuwa hapo ni hadharani.

"Lakini wimbo nimeununua"

Hoja hii tunaisikia kila mara, na ina mantiki ya kawaida ya duniani: kitu nilichonunua ni changu. Lakini fikiria mtu aliyepanga chumba. Amelipa kodi, ana ufunguo, analala humo. Hiyo haimpi ruhusa ya kukipangisha kwa wengine na kutia fedha mfukoni. Ukinunua santuri, kaseti, CD au ukalipia wimbo kwenye simu, umenunua nakala ya kusikiliza wewe. Kuutumia kuvuta wateja ni ruhusa nyingine.

Ndiyo maana YouTube na Spotify hazikusaidii hapa, hata kama unalipia kifurushi cha mwezi. Masharti yao yenyewe yanasema huduma ni ya matumizi binafsi. Mwenye gesti anayewasha YouTube kwenye televisheni ya mapokezi bado anahitaji leseni ya muziki.

Na redio je? Hili linatugusa sisi wenyewe, kwa hiyo tuliseme bila kuzunguka. Kituo cha redio kinatakiwa kulipia muziki kinaourusha. Malipo hayo ni ya kurusha matangazo. Wewe ukiiwasha redio hiyo kwenye baa ili wateja wakae muda mrefu, umefanya tendo la pili la kuufikisha muziki kwa hadhara, na tendo hilo lina mlipaji wake, ambaye ni wewe. Tunajua haipendezi kuambiwa hivyo na watu wa redio. Tungefurahi redio ichezwe kila duka bila swali, lakini sheria haikuandikwa kwa ajili ya furaha yetu.

Kwa hiyo anayehusika ni mwenye baa, grosari, kilabu cha pombe za kienyeji chenye spika, mgahawa, hoteli, gesti, saluni, duka kubwa, ukumbi wa harusi, disko, na hata mwenye basi linalopiga nyimbo au kuonesha video safarini. DJ anayekodishwa na vyombo vyake naye anaishi kwa kazi za watu wengine, kwa hiyo asijione yuko pembeni.

Kuhusu harusi, wengi huuliza kama familia ya bwana harusi italipa. Kwa kawaida anayefuatwa ni mwenye ukumbi, kwa sababu ndiye anayefanya biashara pale, wiki hii harusi, wiki ijayo kipaimara. Ukikodi ukumbi, uliza tu kama wana leseni ya muziki ya mwaka huu, usije ukakatishiwa shughuli katikati ya keki.

Vibanda vya kuingiza nyimbo

Hili tunalitenga kwa sababu ni jambo tofauti kabisa, na vijana wengi vijijini wanaishi nalo. Kibanda kina kompyuta moja, kinachaji simu, kinaingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi kwa malipo kidogo. Anayefanya hivyo hapigi muziki mbele ya hadhara. Anatengeneza nakala na kuziuza. Kwenye sheria hiyo ni haki nyingine ya mtunzi, ya kurudufu na kusambaza kazi. Leseni ya kupiga muziki, hata ukiwa nayo na umeibandika ukutani, haikukingi kwa kazi hiyo. Na kwa maoni yetu hapa ndipo mwanamuziki anapoumia zaidi kuliko kwenye baa: baa inamtangaza angalau, kibanda kinauza kile ambacho yeye angeuza.

Kama hiyo ndiyo biashara yako, nenda kaulize mapema utaratibu wa ruhusa ya kurudufu. Usisubiri siku kompyuta inachukuliwa kama kielelezo cha kesi.

Nani anatoa leseni

Taasisi ya kuanzia ni COSOTA. Ilianzishwa kwa sheria hiyo hiyo ya 1999 kama Chama cha Hakimiliki Tanzania. Kwa miaka mingi ilikuwa chini ya wizara ya viwanda na biashara, na mwaka 2020 ikahamishiwa kwenye wizara inayosimamia sanaa. Kisha mwaka 2022, kupitia Sheria ya Fedha, sheria ya hakimiliki ikarekebishwa. COSOTA ikawa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, yaani msimamizi wa mambo yote ya hakimiliki, na ikafunguliwa njia ya kuwapo kampuni za wenye haki wenyewe zitakazokusanya na kugawa mirabaha zikiwa na leseni ya COSOTA.

Mabadiliko hayo yana maana kwako wewe mlipaji. Zamani jibu lilikuwa rahisi: anayekuja kudai fedha ya muziki ni COSOTA, basi. Sasa anaweza kuja mtu wa kampuni ya kukusanya mirabaha na akawa halali kabisa. Anaweza pia kuja mtu mwenye fulana yenye maandishi, faili kwapani na maneno mengi, akawa kishoka.

Tofauti yao utaipata kwa maswali. Mwombe kitambulisho cha kazi na barua. Muulize kampuni yake ina leseni ya COSOTA ya kukusanya mirabaha ya muziki, kisha piga simu COSOTA kwa namba iliyo kwenye tovuti yao rasmi, si namba anayokuandikia yeye kwenye kiganja. Mpeleke kwa mtendaji wa kijiji au mtaa ajitambulishe. Mtu halali haogopi kwenda ofisi ya mtendaji. Afisa Utamaduni wa halmashauri yako naye anafaa kuulizwa, maana masuala ya sanaa na burudani wilayani yanapita mezani kwake.

Kuhusu fedha, tunashauri jambo moja na hatutaki lichanganywe na mengine: usimpe mtu fedha taslimu mkononi. Malipo ya ofisi ya serikali hupitia kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba. Unailipa benki au kwa simu, na jina la taasisi inayolipwa unaliona kabla ya kuweka namba ya siri. Kama unailipa kampuni, lipa kwenye akaunti yenye jina la kampuni na udai stakabadhi. Akikuambia "nipe nusu tuyamalize", hapo huna leseni, una hasara.

Kiasi gani? Viwango vimo kwenye kanuni, za kwanza zikiwa za mwaka 2003, na hubadilishwa kwa kanuni nyingine. Kwa hiyo hatuandiki tarakimu hapa ambayo mwakani itamponza mtu. La kujua ni kwamba havilingani kwa wote. Huangaliwa aina ya biashara na ukubwa wake: gesti ya vyumba sita haiwekwi kapu moja na hoteli ya vyumba mia, na disko, ambako muziki ndio biashara yenyewe, si sawa na saluni ambako muziki ni wa kusogeza muda. Kwa sababu hiyo, mtu akikutajia kiasi, muulize umewekwa kundi gani na akuoneshe kiwango hicho kwenye kanuni. Ukiona umewekwa kundi kubwa kuliko biashara yako, una haki ya kuandika barua na kueleza una viti vingapi au vyumba vingapi. Leseni ni ya kipindi, na kawaida ni mwaka. Ikiisha unaihuisha.

Nyimbo za zamani

Wenye baa zinazopiga zilipendwa hutuambia, "mimi napiga za marehemu tu, nani atanidai?" Jibu ni kwamba warithi wapo. Sheria inalinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufariki.

Tuhesabu pamoja. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979. Ongeza 50, unapata 2029. Nyimbo alizotunga bado zina ulinzi. Marijani Rajabu alifariki mwaka 1995, kwa hiyo ulinzi unakwenda hadi 2045. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, yule wa Morogoro, alifariki mwaka 1965. Miaka 50 yake ilitimia 2015, na tungo zake sasa ziko huru kwa upande wa mtunzi. Lakini hapo hapo kuna mtego. Ukipiga wimbo wake uliorudiwa na bendi ya leo, waimbaji na mtayarishaji wa rekodi hiyo mpya wana haki zao, ambazo zimeanza kuhesabiwa upya tangu waliporekodi.

Na nyimbo za nje? Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za sanaa mwaka 1994, kwa hiyo rumba la Kongo, benga la Kenya na nyimbo za Marekani zinalindwa hapa kama za nyumbani. Franco alifariki mwaka 1989. Huyo tutamlipia hadi 2039.

Kwa vitendo, hakuna baa inayoweza kukaa na daftari ikihesabu nani alikufa lini. Ndiyo faida ya leseni ya jumla: unalipa mara moja, unapiga.

Kuna wanaotaka njia nyingine, ya kupiga nyimbo za msanii wa kijijini kwao aliyewaruhusu mwenyewe. Inawezekana, ila ruhusa iwe ya maandishi, na uwe na uhakika kwamba aliyekuruhusu ndiye mtunzi, ndiye mwimbaji na ndiye aliyelipia studio. Kama msanii huyo ameshaikabidhi taasisi isimamie haki zake, neno lake la mdomo halitoshi.

Ngoma za asili

Jambo ambalo wachache wanalijua ni kwamba sheria hiyo ya 1999 ina sehemu nzima inayohusu sanaa za jadi. Bugobogobo la Wasukuma, sindimba ya Wamakonde, lizombe la Wangoni, hakuna mtu mmoja aliyezitunga ambaye tunaweza kumtaja na kuhesabu miaka yake 50. Sheria imeziweka chini ya uangalizi wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Mtu akitaka kuzitumia kwa faida, na nje ya mazingira yake ya kimila, anatakiwa kupata kibali cha baraza hilo.

Masharti hayo mawili lazima yakutane. Ngoma ikichezwa kwenye jando, mavuno au msiba, kama ilivyochezwa siku zote, hakuna anayeombwa kibali. Hoteli ikiwaweka wachezaji kila Jumamosi kwa ajili ya watalii na ikauza tiketi, hiyo imeingia kwenye sheria. Walimu wanaofundisha ngoma shuleni wasiogope. Matumizi ya elimu yameachwa huru.

BASATA na NEMC

Leseni ya hakimiliki haimalizi kila kitu. BASATA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, inasajili wasanii, waandaaji wa matamasha, ma-DJ na kumbi za burudani, na onyesho la tamasha linahitaji kibali. Kwa mtu wa wilayani, mlango wa kuanzia ni yule yule Afisa Utamaduni.

Kuna na kelele. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zinaweka kiwango cha mchana na cha usiku, na maeneo ya makazi yana kiwango cha chini kuliko maeneo ya viwanda. Mwezi Mei 2023 NEMC ilizifungia baa na kumbi 89 kwa kelele, nyingine zikiwa na majina makubwa. Kuwa na leseni ya muziki ukutani hakukupi ruhusa ya kumkesha jirani mwenye mtoto mchanga.

Fedha inafika kwa nani

Hapa ndipo hasira ya walipaji ilipo, na tunaielewa. Mtu anauliza: nikilipa, yule kijana wa kwetu anayeimba, ambaye wimbo wake unachezwa kila kilabu hapa wilayani, atapata kitu?

Mirabaha hugawanywa kwa wenye kazi zilizosajiliwa, kwa kuangalia zilivyotumika. Januari 2022 COSOTA iligawa zaidi ya shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Gawanya mwenyewe uone wastani. Si fedha ya kujengea nyumba, lakini ni fedha. Kijana wetu ambaye hajasajili wimbo hayumo kwenye orodha hiyo kabisa, hata ukipigwa mara mia kwa siku.

Tena kuna ugumu wa kweli. Matumizi ya redio yanaweza kuandikwa wimbo kwa wimbo. Grosari haina daftari la namna hiyo. Basi msanii anayesikika sana kwenye spika za mnadani na kidogo redioni yuko hatarini kupunjwa, na wasanii wengi wa mikoani wako hivyo. Kwa maoni yetu jambo hili linastahili kusemwa kwa sauti na wasanii wenyewe ndani ya vyama vyao, na walipaji nao wana haki ya kuuliza fedha yao imekwenda wapi. Kudai hesabu ni haki yako. Kugoma kulipa kutakupeleka mahakamani peke yako.

Msanii unayesoma hapa, usajili unafanyika COSOTA, na vinavyotakiwa kwanza ni kazi yenyewe, kitambulisho chako na majina kamili ya wote walioshiriki. Andikeni mgawanyo wenu kabla ya kusajili. Magomvi ya bendi huanza fedha ikishaingia.

Ukipokea barua

Kama umeshaletewa barua ya madai, usiichane na usiifungie droo. Angalia imetoka kwa nani, imetaja sheria gani, inadai kipindi gani na inataka ujibu lini. Thibitisha COSOTA kama tulivyoeleza. Ikiwa ni halali na huna uwezo wa kulipa kwa mkupuo, andika barua uombe kulipa kwa awamu na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ikiwa hukuwa unapiga muziki katika kipindi kinachodaiwa, sema hivyo kwa maandishi na utaje mashahidi. Asiyetumia muziki hadaiwi. Kesi ikifika mahakamani kunaweza kuwa na fidia kwa wenye haki, na kwa kosa la jinai kuna faini au kifungo, na vyombo vilivyotumika vinaweza kuchukuliwa. Kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili kuna msaada wa kisheria. Ulizia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yako wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wilayani.